Mpunga wa Ruzizi: bakteria wa chupa, azola au samadi?

Mwana_Sange
Jambo wote. Duka moja hapa Bukavu linauza chupa ya bakteria wa kuupa mpunga nitrojeni. Jaruba langu liko Sange, bonde la Ruzizi. Ninunue, nitafute azola, ule mmea mdogo unaoelea majini, au nibaki na samadi na urea kidogo?

Mama_Kabare
Soma kwanza karatasi ya chupa, mwanangu. Ikiandikwa rizobiamu, hiyo ni ya maharage na soya. Bakteria hao wanakaa kwenye vinundu vya mizizi, na mpunga hautoi vinundu; utakuwa umetupa pesa. Bakteria wanaopatana na mpunga ni azospirilamu na jamaa zake.

Agronomu_Bkv
Mama amesema kweli. Na hata ikiwa azospirilamu, utaiweka lini? Utafiti wa California uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba mche ukihamishiwa udongoni, bakteria wanaingia mizizini ndani ya siku 1, na kwa kama wiki 2 kundi limetulia. Kwa hiyo chovya mizizi siku ya kupandikiza. Ukimwaga mwezi mmoja baadaye, bakteria wenyeji wa udongo wameshashika nafasi.

Ng'oa shina moja uangalie: mizizi ina utando mwekundu wa kutu. Mpunga unashusha hewa toka majani, oksijeni inavuja, chuma cha topeni kinashika kutu. Hapo wanaishi bakteria wapenda hewa. Milimita chache pembeni hakuna hewa, ni makao ya vijidudu vinavyotoa gesi ya methani.

Papa_Luvungi
Mimi ni mtu wa azola. Bakteria wake wa nitrojeni anakaa ndani ya tundu la jani, hagombanii nafasi na yeyote. Ila inataka fosforasi na maji yasiyokauka, na lazima uikanyagie topeni ioze.

Mwana_Sange
Papa, maji tunapewa kwa zamu. Katikati yanakauka.

Papa_Luvungi
Basi azola sahau.

Mama_Kabare
Na urea usizidishe! Zantomonasi, yule bakteria wa kukausha majani, anapenda mpunga ulioshiba nitrojeni kupita kiasi. Jani likianza kukauka toka ncha na ukingoni, kata kipande, kitie kwenye glasi ya maji safi. Ukitoka uzi mweupe kama maziwa pale ulipokata, ni yeye.

Mwana_Sange
Aksanti. Nitaweka samadi iliyooza kote, chupa nijaribu kwenye kipande kimoja.

Agronomu_Bkv
Miche ya kipande cha pili ichovye kwenye maji matupu, la sivyo hutajua kilichosaidia. Na maji ya kile cha chupa yasiteremkie hiki kingine.