Naomba ushauri: meli ya kifahari katika Mto Nile, tuanzie Luxor au Aswan?

Mwana wa Muheza: Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Ninapanga kumpeleka mama yangu mzazi Misri tukapande meli ya kifahari inayopita kwenye mahekalu ya kale. Alifundisha historia hadi alipostaafu, na hao mafarao aliwachora ubaoni kwa chaki miaka yote bila kukanyaga nchi yao. Je, tuanzie Luxor kwa usiku nne au Aswan kwa usiku tatu? Na chumba chenye roshani kinastahili ile nyongeza ya bei?

Nahodha Mstaafu: Nile hutiririka kuelekea kaskazini, kwa hiyo mkianzia Aswan mnateremka na mkondo. Njia ni ileile: mahekalu ya Kom Ombo na Edfu, kisha lango la maji la Esna, ambako meli husubiri zamu. Kuhusu roshani, fahamu kwamba meli hufungwa ubavu kwa ubavu gatini. Unaweza kufungua pazia asubuhi ukakutana na pazia la jirani. Lakini hukutaja mwezi wa safari, wala mama anatembeaje.

Siti wa Mikindani: Msikose hekalu la Hatshepsut, farao mwanamke, lililoko Deir el-Bahari, Luxor. Ukutani umechongwa msafara aliouagiza kwenda Punt, nchi ya kale: nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo na kupandiwa kwa ngazi, na miti ya ubani imebebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Wataalamu wengi huiweka Punt pande za Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika. Mimi nilisimama pale hadi kiongozi akarudi kunifuata.

Mja wa Mola: Mwanangu, kumtunza mzazi ni ibada, ila ningekuwa wewe ningeanza na bima yake ya afya na paa la nyumba yake. Mawe yamekaa maelfu ya miaka, hayatakimbia.

Mrufiji Halisi: Kom Ombo palikuwa pa Sobek, mungu wa mamba, na wameweka mamba waliokaushwa tangu enzi hizo. Sisi Rufiji tunao walio hai, tena hatudai viza. Mkaribishe mama.

Nahodha Mstaafu: Mleta uzi, swali langu bado liko mezani.

Mwana wa Muheza: Mama ana miaka 71 na anatembelea fimbo kwa sababu ya goti. Tunaondoka Agosti, kwa kuwa likizo yangu iko mwezi huo na bei hushuka, na malipo ya awali nimekwisha kuyatoa. Naomba nisilaumiwe. Meli ina lifti na kiyoyozi, na siku ya tatu itatufikisha hadi hekalu la Abu Simbel, kusini ya Aswan, hivyo hatatembea sana.

Mpima Maneno: Hapa ndipo ninapoutilia shaka uzi wote. Meli inayotoka Luxor haiwezi kufika Abu Simbel, kwa sababu Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, limeuziba mto, na meli za Ziwa Nasser ni nyingine kabisa. Hekalu lenyewe lilikatwa vipande na kupandishwa juu takriban mita 65, kati ya 1964 na 1968, ili lisimezwe na ziwa hilo. Mwenye ratiba mkononi asingeandika hivyo. Hii ni hadithi ya kutunga.

Siti wa Mikindani: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Mwana wa Muheza: Ninainakili ratiba kama ilivyo: “Siku ya 3: Aswan. Abu Simbel kwa hiari, kuondoka saa 10 alfajiri.” Sina sababu ya kumtungia mama yangu goti bovu.

Nahodha Mstaafu: Basi mleta uzi hadanganyi. Hiyo ni safari ya gari, karibu kilomita 280 za jangwa kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Agosti joto la mchana la Aswan huvuka nyuzi 40, na lifti ya meli haimfuati mtu hekaluni. Hekalu la Philae, hapo Aswan, liko kisiwani, kwa hiyo ataingia na kutoka kwenye boti ndogo. Edfu pana sakafu tambarare. Katika Bonde la Wafalme, kaburi la Ramesses wa Nne halina mteremko mkali, ila la Seti wa Kwanza mwepushe kabisa. Muulize wakala kama malipo ya awali yanaweza kuhamishiwa Desemba.

Mwana wa Muheza: Likizo yangu si rahisi kuihamisha, na Agosti ningependa ibaki. Hata hivyo nimemsomea mama majibu yenu. Amesema Abu Simbel atawaachia wenye magoti, lakini kuta za Punt lazima azione. Kesho nitazungumza na mwajiri kwanza, kisha wakala.

Siti wa Mikindani: Deir el-Bahari kuna gari la umeme kutoka langoni, ila halipandi zile njia za mteremko za hekalu, na picha za Punt ziko ghorofa ya kati, upande wa kushoto. Mwambie wakala awapeleke pale asubuhi na mapema.