Msamaha wa ushuru wa gari kwa mlemavu: nianzie wapi, na binamu nimjibu nini?

MwalimuKaloleni

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu. Miguu yote miwili navaa vyuma, natembea kwa magongo. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita 11, na kwa miaka tisa nimekwenda kwa bodaboda, magongo nimeyalaza mapajani. Masika ya mwaka huu pikipiki iliteleza kwenye udongo mwekundu, chuma cha mguu wa kulia kikapinda. Nilikaa nyumbani wiki mbili nikingoja kitengenezwe, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wakakosa hesabu wiki mbili. Hapo ndipo nilipokata shauri kununua gari. Leseni nilipata mwaka jana, nilijifunzia Mombasa kwenye gari la kuendesha kwa mikono.

Mkopo wa sacco umekubaliwa. Nimeona Toyota Porte huko Japani kwenye mtandao, ina mlango mpana wa kuteleza, na nikaipenda kwa huo mlango. Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ninayo. Cheti cha KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, pia ninacho, kile kinachofanya shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi zisikatwe kodi. Je, kinatosha kuingiza gari bila ushuru? Wakala mmoja ameniambia kinatosha, nitume tu pesa za gari.

Jambo la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Binamu yangu, aliyenilipia karo ya mwaka mzima nikiwa chuoni, anataka aingize Prado kwa jina langu. Atanipa laki mbili, na mimi nitaagiza langu baadaye. Nyumbani wote wanasema huko ndiko kulipa fadhila. Moyo wangu unakataa, ila maneno ya kumjibu sina.

BabaZuhura_Likoni

Mwalimu, pole sana. Mimi nilikatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 2011, na gari langu liliingia Kilindini 2019. Nitakueleza kama ningemweleza dada yangu.

Usitume hata shilingi. Cheti ulicho nacho ni cha mshahara tu, kimetokana na agizo la mwaka 2010. Gari lina ombi lake na barua yake peke yake. Aliyekwambia cheti kimoja kinatosha, ama hajui ama anataka pesa zitoke kwanza.

Msamaha wa gari ulisimama juu ya sheria mbili. Ya kwanza ni ya Kenya ya watu wenye ulemavu ya 2003. Kifungu cha 35 kilisema vifaa, pamoja na magari yaliyorekebishwa au kutengenezwa kwa ajili yetu, visitozwe ushuru wa forodha, VAT (kodi ya ongezeko la thamani), gharama za bandari wala tozo nyingine ya serikali itakayotupandishia bei. Nakiandika hapa kwa sababu watu wengi hudhani tunaombewa huruma. Mei 2025 ilitiwa saini sheria mpya badala ya ile, kwa hiyo usinakili barua ya mtu aliyeomba zamani. Waulize barazani barua yako itaje kifungu gani.

Ya pili ni sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano. Inasamehe gari moja, lililoundwa mahususi kwa matumizi ya mtu mwenye ulemavu. Ukishapata, huombi tena hadi ipite miaka minne, na ushuru wowote unaodaiwa kwenye gari la kwanza uwe umelipwa.

Sasa mpangilio. Nenda kwanza hospitali ya serikali inayofanya tathmini ya ulemavu, daktari aandike waziwazi mguu upi unafanya nini na upi haufanyi. Karatasi inayosema "mlemavu wa viungo" basi, haimwambii afisa kwa nini gari lako lazima lirekebishwe. Kisha baraza. Kisha KRA, na leseni yako, kitambulisho, PIN (namba ya mlipa kodi) na maelezo ya gari unalotaka. Barua ya kukubaliwa ikishakuwa mkononi, ndipo ununue.

Mimi niligeuza. Nilinunua kwanza, meli ikafika, barua bado. Gari lilikaa yadi wiki tano na mwenye yadi akanidai 83,000. Nilimsomea kifungu cha 35 akaniambia yeye si serikali. Nililipa, na zile zilikuwa pesa za karo ya Zuhura. Sitaki likupate.

Kuhusu binamu. Prado ikiingia kwa jina lako, mbele ya forodha ni gari lako. Akiichukua yeye, imeacha kazi iliyosamehewa na ushuru wote unadaiwa, na barua ya kudai itakuja Kaloleni. Nafasi yako ya miaka minne nayo itakuwa imekwenda na Prado, wewe ukirudi kwenye bodaboda. Mwambie karo alikulipia kwa pesa zake, nawe utamrudishia kwa pesa zako, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Mguu wako si mali ya ukoo hata uazimwe.

Njoroge_wa_Nakuru

Kwa nini usumbuke na Japani? Nenda yadi yoyote ya magari Mombasa, chagua, waonyeshe kadi yako ya baraza wakutolee ushuru.

BabaZuhura_Likoni

Ndugu, gari la yadi kwa kawaida ushuru wake umeshalipwa na aliyeliingiza, umo ndani ya bei. Mwenye yadi hana cha kukutolea. Msamaha ni wa gari linaloingizwa nchini.

FundiChangamwe

Mwalimu, nafunga vyombo vya kuendeshea kwa mikono. Karatasi wamekueleza vizuri, mimi niseme habari ya gari lenyewe.

Ile Porte, mlango wa kuteleza uko kushoto. Wewe dereva utakaa kulia, na kulia ni mlango wa kawaida kama wa gari lolote. Ule mpana utamfaa abiria. Watu kadhaa wamenijia na Porte wakiwa wamesikitika kwa jambo hilo hilo. Ukiona pia magari yameandikwa Welcab, hayo Toyota huyatoa kiwandani yakiwa tayari kwa walemavu, lakini mengi ni ya kubebwa: kiti cha abiria kinageuka na kutoka nje, au nyuma kuna njia ya kupandisha kiti cha magurudumu, kama kwenye Sienta na Noah. Kama wewe ndiwe unayeendesha, soma maelezo kabla hujalipia kiti usichokikalia.

Kwa miguu miwili isiyokanyaga, unahitaji gari la otomatiki na mpini mmoja chini ya usukani upande wa kushoto. Ukiusukuma mbele unafunga breki, ukiuvuta unatia mafuta. Mkono wa kulia unashika kitasa kwenye usukani, unazungusha gari kwa kitasa hicho. Pedali zinabaki mahali pake, ila tunaweka kinga ili chuma cha mguu kisije kikalalia pedali ya mafuta. Hiyo kinga wengi huiona ndogo. Kwako wewe mwenye vyuma ndiyo ya kwanza, kabla hata ya kitasa. BabaZuhura mwenye mguu wa kushoto mzima alihitaji kitu kingine kabisa, pedali ya mafuta iliyohamishiwa kushoto. Kwa hiyo usinunue gari kwa kuwa lilimfaa mtu fulani.

Kabla hujachagua, kaa kwenye gari la aina hiyo hata la jirani. Fungua mlango hadi mwisho, ingia kwa namna yako, tazama magongo utayaweka wapi ukiwa umeshakaa. Kiti kikiwa chini sana utaumiza mabega kila unapotoka, na polio wakati mwingine imegusa bega bila mtu kujua. Mwambie daktari akupime nguvu za mikono pia.

Umri wa gari usiusahau. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa kupita miaka minane, kwa hiyo 2025, kwa mfano, ilitakiwa liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Na bima waambie gari limerekebishwa.

MwalimuKaloleni

Nimesoma yote mara mbili, ya mwisho kwa sauti, mama akisikiliza. Nilipofika pale pa barua ya kudai kuja Kaloleni, mama alinyamaza, kisha akasema nisitie saini kitu chochote.

Binamu nimempigia jana usiku. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba karo ya mwaka ule naikumbuka na nitairudisha elfu tano kila mwezi. Hakufurahi. Alisema nimebadilika tangu nianze kupata mshahara. Nililia baada ya kukata simu, lakini nililala.

Porte nimeiacha. Jirani ana Honda Fit, nimejaribu leo jioni. Mlango unafunguka vizuri, magongo yanaingia nyuma ya kiti cha kushoto nikiyapitisha katikati, ila mara ya kwanza yaligonga kioo. Jumanne naenda hospitali kwa tathmini, mwalimu mkuu amenipa ruhusa.

Fundi, Jumamosi unakuwepo Changamwe? Ningependa nije nikalie gari uliloshalifunga vyombo, unipime mkono unafika wapi, ili nimpelekee daktari hivyo vipimo aviandike kwenye ripoti.

FundiChangamwe

Nipo kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo umevaa vyuma vyako vya kila siku, hata kama kile cha kulia bado kimepinda kidogo.