Muda unapotea wapi katika programu sambamba?

Swali (Goma): Ndugu zangu, programu yetu ya MPI (mfumo wa kutumiana ujumbe kati ya michakato, yaani sehemu za programu zinazoendeshwa kwa pamoja) inayokadiria mtiririko wa lava ya Nyiragongo haiendi kasi zaidi tunapotoka michakato 4 hadi 8. Nitatambuaje chanzo?

Jibu (Lubumbashi): Ndugu, iunganishe na maktaba ya MPE, iliyotoka maabara ya Argonne, Marekani, ambayo huandika mwanzo na mwisho wa kila mwito wa MPI, kisha geuza faili ya kumbukumbu hizo kutoka muundo wa CLOG-2 kuwa SLOG-2, uifungue kwa Jumpshot, programu ya kuzionyesha kwa picha, ambapo kila mchakato una mstari wake wa wakati na mishale huonyesha ujumbe. Ukiona mchakato mmoja unahesabu huku mingine ikingoja, kazi imegawanywa vibaya.

Jibu (Bukavu): Saa za mashine zisawazishwe pia, la sivyo ujumbe utaonekana umefika kabla ya kutumwa.