Kung'arisha na kulinda upinde wa mti katika unyevu wa Pwani

Mshale wa Mvita ameuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninao upinde mrefu wa mtindo wa Kiingereza, wenye mvuto wa ratili 45, uliotengenezwa kwa tabaka mbili zilizounganishwa kwa gundi. Mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, ni wa mti wa hikori, na tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji, ni wa mti wa degame. Ulikuwa wa mtu mwingine kabla ya kunifikia hapa Mombasa. Vanishi imechakaa mahali mshale unapopita juu ya mshiko, imefanya ukungu mweupe karibu na ncha ya chini, na kwenye tumbo nimeona mistari myembamba inayokatisha upana wa upinde. Ningependa kuurudishia mng'ao wake na kuukinga na unyevu wa huku, lakini ushauri ninaopewa unapingana: huyu anataka niupake mafuta ya nazi, yule vanishi ya fanicha, na mwingine anasema nta ya nyuki peke yake inatosha. Nianzie wapi?

Seremala wa Raskazone amejibu:

Wa alaykum salaam, ndugu. Anzia kwenye mistari hiyo, na usifungue kopo lolote kabla hujajua ni nini. Upinde unapovutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa; kwa hiyo mistari inayokatisha tumbo inaweza kuwa ni vanishi tu iliyokuwa ngumu mno ikashindwa kuufuata mpindo, au inaweza kuwa ni nyuzi za mti wenyewe zilizobanwa mpaka zikajikunja na kuvunjika. La kwanza ni suala la urembo. La pili ni ugonjwa wa upinde, na hakuna vanishi inayoutibu. Itauficha tu mpaka siku utakapovunjika mkononi.

Uondoe ugwe, chagua mstari mmoja, kisha usugue vanishi ya hapo tu kwa msasa namba 400, kwa upole, mpaka uufikie mti. Tazama kwa kioo cha kukuzia huku taa ikimulika kutoka ubavuni. Mstari ukitoweka pamoja na vanishi, endelea na kazi yako. Ukiuona bado umo ndani ya mti, usiuvute upinde huo tena kabla ya kuonwa na fundi wa pinde, kwa sababu kwa kawaida maana yake ni kwamba sehemu hiyo inapinda kuliko jirani zake, na dawa ni kusawazisha mpindo wa upinde mzima.

Mgongo nao upitishie kipande cha pamba kutoka mshikoni hadi nchani. Pamba ikinasa, pana kibanzi kinachoinuka. Usikiondoe kwa msasa, kwani nyuzi zinazotambaa bila kukatika kutoka ncha hadi ncha ndizo zinazobeba mzigo wote, na kuzikata ni kuuchagulia upinde mahali pa kuvunjikia. Kibanzi hutiwa gundi kisha hufungwa kwa uzi imara uliozungushwa kwa kubana.

Mwisho, weka tone la spiriti mahali pasipoonekana. Kipako cha juu kikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, yaani kipako cha utomvu wa wadudu kinachoyeyuka kwa spiriti, na ukungu mweupe unaoueleza ni tabia yake ikikaa kwenye maji.

Mwana wa Kizimkazi amejibu:

Nakubaliana na fundi, nami niseme kuhusu unyevu wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Hakuna kipako kinachozuia unyevu kabisa. Vipako vyote huuchelewesha tu. Mti ukikaa muda mrefu katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambao ni wa kawaida kwetu Pwani, hatimaye hutulia ukiwa na maji ya kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu, ilhali katika hewa ya asilimia 50 hutulia karibu na 9. Upinde uliolowa hivyo hupoteza nguvu na kubaki umepinda hata baada ya kuondolewa ugwe. Hikori inajulikana kwa kuathirika sana na jambo hili, na ndiyo maana swali lako lina uzito kuliko lingekuwa nalo kwa mtu wa nyanda kavu. Wahadza wa Ziwa Eyasi wanatumia pinde za mti mtupu usio na vanishi, lakini hewa yao si hewa ya Mvita.

Kwa hiyo mafuta ya nazi yaache jikoni. Hayakauki kamwe, hubaki yakinata, huvuta vumbi, na huzuia kipako kingine kushika. Mafuta ya kitani hukauka na hupendeza macho, lakini mvuke wa maji huyapenya kirahisi. Nta peke yake ni hivyo hivyo. Vanishi ngumu ya fanicha imekusudiwa meza, kitu kisichopindwa, nayo itakurudisha kwenye mistari ile ile. Inayokufaa ni vanishi ya milingoti ya mashua, ambayo hutiwa mafuta mengi zaidi ili iwe laini na kufuata mti unaoyumba kwa upepo. Inatia moyo kukumbuka kwamba katika karne ya 19 vanishi bora za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa sandarusi (utomvu wa mti uliogeuka mgumu) ya Pwani yetu, iliyochimbwa ardhini na kusafirishwa kupitia Zanzibar hadi bandari kama Salem ya Marekani.

Mshale wa Mvita ameandika:

Nawashukuru sana. Mistari imetoweka pamoja na kipako, mti chini yake ni mzima, na pamba haikunasa popote. Spiriti imelainisha kipako, kwa hiyo ni shelaki. Je, niipake vanishi ya milingoti juu yake?

Seremala wa Raskazone amejibu:

Alhamdulillahi. Usiipake juu yake, kwa sababu shelaki nyingi huwa na nta yake ya asili, na vanishi juu ya nta hubanduka. Iondoe yote kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, bila kuloweka ngozi ya mshiko wala maungio ya gundi, na usitumie moto wala kikwaruzo. Ukiondoa mti wa tumbo, hata kidogo, umebadilisha mvuto na mpindo. Acha upinde ukauke siku kadhaa katika chumba chenye kiyoyozi, kwani ukipaka vanishi juu ya mti uliolowa umeufungia unyevu ndani.

Koti la kwanza lizimuliwe kwa tapentaini ili liingie mtini, kisha fuata makoti matatu au manne membamba, ukisugua kwa msasa namba 400 baada ya kila koti kukauka sawasawa. Ncha na mifereji ya ugwe zipate koti la ziada, maana hapo nyuzi zimekatwa na maji huingia kwa urahisi. Nta ya nyuki ni ya mwisho kabisa, kwa kitambaa cha sufu, na siku ukitaka kupaka vanishi upya, ifute kwanza kwa tapentaini. Mahali mshale unapopita, bandika kipande cha ngozi, kwa kuwa hapo vanishi yoyote italika.

Upinde usiegemezwe pembeni ukisimama kwa ncha. Ulaze juu ya vigingi viwili, bila ugwe, mbali na ukuta unaovuja na mbali na gari lililoachwa juani. Ukiamua kutumia mafuta ya kitani kwenye mshiko, vitambaa vilivyolowa usivirundike: hutoa joto vikikauka na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje au vitumbukize kwenye maji kabla ya kuvitupa.