Nesi kisiwani: vidio ya harusi na stetasi moja vimenitia matatani, nifute kila kitu?

nesi_wa_kisiwani

Asalaam alaykum wadau, na hamjambo nyote. Mimi ni nesi Lamu, wapi hasa sitataja manake mui wetu mnaujua, ukitaja mlango tu mtu ashajua na rangi ya pazia lako. Miaka mitano kazini na sijawahi kuitwa ofisini mpaka mwezi huu, na mwezi huu nimeitwa kwa ajili ya simu yangu mwenyewe.

La kwanza ilikuwa harusi ya binamu yangu Langoni. Harusi zetu mnazijua, ndani wanawake watupu, mabuibui tumevua, vugo linapigwa, raha tupu. Nikajirekodi nacheza, sekunde kumi na tano hivi, nikaweka TikTok na nikaseti waone marafiki tu. Sijui nani kaisevu, siku ya tatu iko kwenye magrupu ya wanaume. Wiki ile ile akaletwa babu mmoja kufungwa kidonda cha mguu, ana sukari, akaniangalia weee alafu akamwambia mjukuu wake "huyu si yule wa kucheza? Niitie mwengine." Kidonda kile nimekifunga mimi mara sita kabla! Mara sita, na kila mara akiniombea dua mpaka namwambia babu inatosha. Siku ile nikageuka mchezaji.

La pili ndilo limeniletea barua. Nilikuwa naiti, saa nane usiku boti ikaleta mama wa kujifungua kutoka visiwa vya juu, walichelewa manake maji yalikupwa pale mlango wa bahari wa Mkanda ikabidi wasubiri, tukahangaika naye hadi alfajiri, alhamdulillah mama mzima na mtoto mzima. Nimetoka hoi nikaandika kwenye stetasi ya WhatsApp: "Leo Mungu katuokoa. Mama kaambiwa tangu wiki ilopita aje mapema kakataa, boti saa nane usiku, damu mpaka kwenye viatu vyangu. Watu wetu wabishi jamani." Na picha ya viatu. Basi. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna sura. Saa nne asubuhi nimelala nyumbani napigiwa simu, mama mkwe wa yule mama yuko kwa mkubwa wangu na skrinshoti mkononi.

Sasa nimepewa siku saba niandike barua ya kujieleza na mimi naona sijakosa, sikutaja mtu. Shangazi yangu ashasema nifute akaunti zote niishi kama watu wa zamani. Lakini nikivua sare si nakuwa mtu kama nyinyi? Naomba ushauri hasa kwa walio kwenye kazi hii. Wa kutukana wapite tu.

baba_wa_mokowe

Futa mwanangu, futa yote. Zamani daktari ukimuona njiani unasimama kumuamkia, skuizi unamuona anakatika kwenye simu alafu kesho yake ndiye akuchome sindano. Ni hayo tu.

tuktuk_barani

Mzee wangu shikamoo, lakini hiyo vidio ya wanawake wewe uliionea wapi? 😂

kliniko_malindi

Dada pole. Mimi ni kliniko, yaani afisa wa kliniki, huku Malindi mwaka wa tisa sasa na nakuambia kwa nia nzuri, umechanganya mambo mawili kwenye kapu moja na ndio maana hujui uandike nini. Ya harusi na ya stetasi si ndugu.

Ya harusi ni yako wewe, ni mwili wako na furaha yako, watu watasema na watachoka, yule babu kidonda kikianza kunuka atarudi. Lakini ya stetasi dada yangu haikuwa yako. Ilikuwa ya yule mama. Unasema hukutaja jina, sasa hebu hesabu na mimi: boti ngapi ziliteremka na mzazi saa nane usiku ule? Moja. Pale jeti, gatini, nani hakuiona? Mabaharia waliiona, askari aliiona, wapagazi waliolala pale waliiona. Nairobi ukiandika hivyo hakuna atakayejua ni nani, Lamu umetaja mpaka na jina la babu yake.

Na sheria nayo inasema ivo ivo, usidhani ni mila tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haisemi jina peke yake, inasema mtu anayetambulika moja kwa moja au kwa kuzunguka, na habari za afya zimewekwa kwenye fungu la data nyeti. Sheria ya Afya ya 2017 nayo imesema habari za mgonjwa ni siri. Faini za ile ofisi ya kulinda data zaweza kufika shilingi milioni 5, sasa wewe na mshahara wa kaunti ambao wenyewe waja ukipenda, utazitoa wapi.

Usione nakuhukumu, mimi yalinikuta. Wenzangu waliniletea keki ya bethidei wodini, tukapiga picha mezani, mimi hiyo Facebook, nimetabasamu meno yote nje. Jioni dada mmoja ananiandikia inboksi, "daktari, nyuma ya keki kuna ubao." Nazoom. Majina ya wagonjwa wote wa wodi, namba za vitanda na ugonjwa wa kila mmoja, na mmoja pale alikuwa na ugonjwa ambao hata mkewe hakuwa ameambiwa. Picha ilikaa masaa sita. Nilitetemeka sikuweza kula hiyo keki yenyewe. Tangu siku ile naangalia nyuma ya picha kabla sijaangalia uso wangu. Eksirei ndio balaa kabisa, kile kipembe cha filamu kina jina, tarehe na namba ya mgonjwa, na vijana wa intani wanapenda kuziposti wakiona mfupa umevunjika vizuri.

Nikuulize swali: hiyo namba yenye stetasi ndio namba unayowapa kina mama wa kliniki?

mwana_siyu

Mie si yule mama lakini ningeweza kuwa yeye, nimezaa watatu na wawili nilivushwa bahari kwenda kuwazaa. Dada nesi nataka ujue kitu, ulipoandika wabishi umeniuma mimi pia. Kuambiwa njoo wiki moja kabla si kazi, kazi ni nitakaa kwa nani huko Amu, Lamu mjini, nitakula nini, wale wawili niwaachie nani, na mume yuko baharini na nauli anayo yeye. Mtu akisema "ntaangalia" wewe unaandika kwenye kadi amekataa.

Na lengine, skuizi huku kwetu wanawake washaanza kuambiana, ukienda pale usivue hivi hivi, wale wana simu. Mtu anaona haya kwenda kwa sababu ya stetasi ya nesi. Mkija kulalamika twachelewa kuja, na hilo mlitie kwenye hesabu.

Sikutukani. Ulimsaidia akazaa salama, Mungu akulipe. Lakini ule usiku ulikuwa ni wake, aibu yake na uchungu wake, wewe ulikuwa mgeni tu ndani yake.

tuktuk_barani

Mwana Siyu kamaliza. Mimi niko hapa kwa komenti tu.

tabibu_mstaafu

Nimesoma yote. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 30, sai nakaa baraza na kahawa, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Baba wa Mokowe nakuheshimu ila hapo kwenye kukatika sikubaliani nawe. Madaktari wanaume wako Facebook usiku kucha wanatukanana kwa ajili ya Arsenal na siasa, wengine kifua wazi jimu, na sijasikia mgonjwa amesema niitie mwengine. Mwanamke akicheza kwa wanawake wenzake ndio sare imechafuka. Mambo haya si ya Lamu tu msidhani. Mwaka 2020 jarida moja la Marekani la wapasuaji wa mishipa ya damu, Journal of Vascular Surgery, lilichapa utafiti ambao watafiti walifungua akaunti za kupekulia, wakapitia kurasa za madaktari vijana, na picha za mavazi ya kuogelea wakaziweka kwenye kundi la zisizofaa kwa mtu wa taaluma. Wallahi madaktari wanawake walikuja juu dunia nzima, kila mmoja akaposti picha yake ya ufukweni na alama ya #MedBikini, mpaka Julai ya mwaka huo jarida likaiondoa makala na kuomba radhi. Sisemi nesi wa Lamu aweke bikini, msije mkanila. Nasema kuna watu kazi yao ni kumpima daktari kwa nguo, na hao usiwaandikie barua ya kujieleza.

Ila kwa mgonjwa, kliniko wa Malindi kasema kweli. Sisi tulifundishwa siri kabla ya sindano. Kile kiapo cha kale cha Hippocrates kina zaidi ya miaka 2,000 na ndani yake kuna ahadi ya kunyamazia uliyoyaona kwa wagonjwa. Na sisi Waislamu tuna hadithi kila mtu anaijua, mwenye kumsitiri Muislamu Mungu atamsitiri duniani na akhera. Mama anapopanda kitanda kile amekukabidhi sitara yake, ni amana, huwezi kuichukua ukaenda kuipunguzia uchovu wako. Uchovu ni haki yako, kamwambie mwenzako wa zamu, kamlilie mumeo, na hata huko usitaje boti.

Barua iandike fupi. Usianze na "sikutaja jina", ukianza hivyo umekwisha. Andika nilichapisha habari za mgonjwa anayeweza kutambulika, nimefuta, hatua nilizochukua ni hizi. Kurasa moja yatosha. Ya harusi usiigusie hata kwa herufi moja kama hawajakuuliza.

nesi_wa_kisiwani

Nimesoma tangu asubuhi naenda narudi. Kliniko, ndiyo, ni namba ile ile. Nilivyoanza kazi niliwapa kina mama wa kliniki namba yangu kwa ajili ya dharura, na mimi nazisevu ili nijue nani anapiga, kwa hiyo wote wananiona na mimi nawaona. Niliangalia kabla sijafuta, watu waliofungua ile stetasi walikuwa 212. Wifi wa yule mama alikuwa mmoja wao, kumbe nilimzalisha yeye mwaka jana!

Na maombi ya urafiki je? Kila ninayemfunga kidonda jioni yuko Facebook ananiomba. Wengine wananitumia picha za mapele saa sita usiku wanataka dawa. Nikikataa naambiwa naringa, na nusu yao ni jamaa zangu.

kliniko_malindi

Hapo ndipo ilipovujia. Nunua kabambe, ile simu ndogo ya kupiga tu, tia laini ya kazi, hiyo wape kina mama. Kabambe haina stetasi, haina TikTok, chaji yakaa siku nne na ikianguka kwenye boti hulii. Hiyo ya kwako ibaki ya watu wako, na kwenye seti za stetasi kuna pa kuchagua nani aione, chagua wachache kwa majina. Ingawa skrinshoti haina seti, hilo ulishaliona.

Urafiki mimi jamaa nakubali, mgonjwa naacha lisubiri, wala sijibu wala sibloku, akinikuta njiani nacheka naye vizuri tukayamaliza. Picha za mapele jibu langu ni moja, "njoo kesho saa mbili nikuone mwenyewe." Nilishawahi kumuandikia shemeji yangu dawa kwa picha nikamtibu fangasi kumbe ni kitu chengine kabisa, wiki tatu haongei na mimi.

bi_shela

Mwanangu mie sina shahada, ni mpambaji wa maharusi, miaka mingi tu. Hao wasomi wote wamekutetea kwenye vidio ya harusi na mie sikatai, kucheza ucheze. Lakini nimeiona, ilinifikia. Nyuma yako mkono wa kushoto kuna wanawake wanne wamekaa mkekani, vichwa wazi, na mmoja ananyonyesha. Hao uliwauliza? Sisi kwenye harusi twakataza simu mlangoni si kwa ushamba. Mmoja wa wale mumewe amemzuia harusi mpaka leo.

nesi_wa_kisiwani

Bi Shela shikamoo. Nilikaa na simu muda mrefu kabla ya kukujibu. Sikuwaona. Nimeiangalia vidio ile labda mara mia, nikiangalia kiuno changu na nguo yangu tu. Nimeitoa jana, si kwa ajili ya yule babu wala Baba wa Mokowe. Nilipoishika simu nione nani mwengine wa kumuomba radhi nikawatambua watatu, wa nne simjui, kama wamjua naomba uniandikie pembeni.

Barua nimepeleka, kurasa moja kama alivyosema tabibu. Na Jumamosi nilipanda boti kwenda kwa yule mama, nikapeleka kanga na sabuni ya mtoto, mama mkwe akanipokea kwa jicho kweli. Yeye mwenyewe aliniambia stetasi hakuisoma, simu yake ni ya kupiga tu, alisomewa na wifi yake. Nikamuomba radhi. Akaniuliza "kwani mie nilikataa kuja?" nikamwambia ndivyo nilivyoandika. Akasema mumewe alikuwa bahari ya Kiwayuu siku tisa na nauli alikuwa nayo yeye. Alafu akanipa mtoto nimshike, analia huyo, ana sauti kuliko baba yake.

Kabambe nimeshanunua. Leo naingia naiti, watakaouliza kitu nitawajibu asubuhi.