Naomba ushauri: barafu kwenye misuli ya mguu na uwezo wa kusimama imara
Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa fiziotherapia, pamoja na makocha. Mdogo wangu hucheza mpira wa kikapu, na mashavu ya miguu yanapomuuma, wakati wa mapumziko huwekewa mfuko wa barafu kwa takribani dakika 10, kisha hurudishwa uwanjani mara moja. Maumivu hupungua kweli, lakini nimemwona akiinua mguu mmoja ili afunge kamba za kiatu: kifundo kinatetemeka na mikono inatafuta pa kushika, jambo ambalo halimtokei kabla ya barafu.

Ninavyofahamu, baridi hupunguza kasi ya mishipa ya fahamu kupeleka taarifa, na ndiyo sababu maumivu hutulia. Lakini mishipa hiyo hiyo ndiyo inayouarifu ubongo jinsi mguu ulivyokaa, na msuli uliopoa hujikunja polepole na kwa nguvu ndogo zaidi. Isitoshe, ngozi hupata joto mapema kuliko msuli ulio chini yake, kwa hiyo kuigusa tu hakutoshi kujua kama mguu uko tayari.

Je, apumzike kwa muda gani kabla ya kuruka na kugeuka ghafla? Je, kutembea na kuchezesha mguu taratibu kunatosha kuurejesha, au barafu isubiri hadi mchezo uishe? Mimi naelekea kwenye hilo la mwisho, ila kocha wake hakubaliani nami, na ningependa kuzungumza naye nikiwa na hoja za kitaalamu.