Seli shina za kubeba dawa hadi kwenye kansa ya ubongo: tulipe au tuache?

KakaMtu:
Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana glioblastoma, kansa kali ya ubongo. Alishafanyiwa upasuaji, mionzi na kemo, sasa uvimbe umerudi. Kuna kliniki inasema itamwekea dripu ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), "zinaitafuta kansa zenyewe". Wanataka hela yote kabla. Wazee wako tayari kuuza kila kitu.

BintiMaabara:
Pole sana mkuu. Wazo lenyewe si uongo. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, dawa nyingi za kemo zinagota hapo. Mwaka 2000 mtafiti Karen Aboody na wenzake walionyesha kwa panya kwamba seli shina za neva hufuata uvimbe wa ubongo, hata vijiseli vya kansa vilivyojipenyeza mbali. Baadaye pale City of Hope, hospitali na kituo cha utafiti wa kansa huko California, Marekani, seli hizo zikapandikizwa jeni ya kimeng'enya kinachogeuza flusitosini, ambayo ni dawa ya fangasi, kuwa fluorourasili, ambayo ni kemo. Mgonjwa anameza dawa ya fangasi, kemo inapikwa palepale penye uvimbe.

Lakini jaribio lao la kwanza kwa binadamu, lililochapishwa 2017, lilikuwa na wagonjwa wasiofika 20 na lilipima usalama. Na seli zilidungwa ubongoni wakati wa upasuaji. Za dripu nyingi hunasa kwenye mapafu.

Usikate_Tamaa:
Mgonjwa akiwa hivyo unajaribu chochote bwana. Maneno ya maabara hayamsaidii.

BintiMaabara:
Kujaribu sikatai. Chicago walijaribu seli zilizobeba virusi vya kuua kansa, wagonjwa 12, matokeo yakatoka 2021. Ila hayo ni majaribio yaliyosajiliwa, na kwa kawaida mgonjwa halipii tiba inayojaribiwa.

Mnyonge_1:
Waulize mambo matatu tu: seli zimewekewa jeni gani, jaribio limesajiliwa kwa namba ipi, kamati gani ya maadili imelipitisha. Halafu muulize daktari wake wa kansa kama anaweza kupasuliwa tena, maana majaribio mengi ya aina hii yanaanzia hapo.

KakaMtu:
Asanteni. Miadi na daktari tumepata. Kliniki nimewauliza seli zinabeba nini, wamejibu "zinabeba uponyaji", kisha wakatuma tena namba ya akaunti.